Uzi maalumu: Kubeti hatua za milimani (Tour, Giro, Vuelta). Nani anachomoka, nani anafukuza

Gia_Ndogo

Wakuu, huu ni uzi wa mbio kubwa za baiskeli za wiki tatu (Tour, Giro na Vuelta), zinazokimbiwa hatua moja kwa siku, na ni wa milima tu. Hatua za tambarare zina mambo yake, tusizichanganye humu.

Mikeka mingi ya milimani inachanikia mahali pamoja. Mtu anauliza nani mpandaji mkali kuliko wote, anamwekea dau, halafu hatua inachukuliwa na jamaa aliyechomoka kilomita 120 kabla ya mwisho. Swali la kuanza nalo ni hili: kuna timu inayoitaka hatua hii kiasi cha kuwamaliza wasaidizi wake kutwa nzima kuwafukuza waliotangulia? Kama ipo, tazama wagombea jezi, yaani wanaowania ushindi wa mbio nzima. Kama haipo, nyota anaweza kuwa na miguu kuliko wote na bado akafika wa tano, tena akiwa ameridhika kabisa.

Chukueni Tour ya 2025. Hautacam, hatua ya 12, Tadej Pogačar alimwacha mpinzani wake mkuu Jonas Vingegaard kwa dakika 2 na sekunde 10. Kesho yake akashinda mbio za saa (kila mtu anakimbia peke yake) za kupanda Peyragudes na uongozi wake ukafika dakika 4 na sekunde 7. Aliyeangalia miguu peke yake angempa kila mlima uliobaki. Kilichotokea: Superbagnères kwa Thymen Arensman, Mont Ventoux kwa Valentin Paret-Peintre, Col de la Loze kwa Ben O'Connor, La Plagne kwa Arensman tena. Milima minne mikubwa, mwenye jezi ya njano (kiongozi wa mbio nzima) hakupata hata mmoja, na jezi haikutikisika.

Ninavyopima hamu ya kufukuza: naanza na idadi ya wapandaji wazima waliobaki kwenye timu ya kiongozi. Timu inaanza na watu 8. Ikiingia wiki ya tatu na wapandaji wawili tu, haiwezi kushikilia pengo kwenye milima mitatu mfululizo hata ikitaka. Kisha natazama zawadi ya sekunde mstarini, yaani 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza. Wa kwanza na wa pili wakitofautiana kwa sekunde 15, hizo 10 zina thamani na mchomoko (waliotangulia mbele ya kundi) utafukuzwa. Wakitofautiana kwa dakika nne, hazimnyimi mtu usingizi. Halafu kesho kuna nini? Kukiwa na hatua nzito zaidi kesho, leo timu kubwa zinabana matumizi.

---

Mkeka_Mzima

Mkuu, umechagua mwaka unaokufaa. 2024 Pogačar alichukua Valloire, Pla d'Adet, Plateau de Beille, Isola 2000 na Couillole. Isola, Matteo Jorgenson alikuwa mbele peke yake na akanyakuliwa zikiwa zimebaki chini ya kilomita mbili. Wakati ule uongozi ulishapita dakika tatu, hakuhitaji kitu. Hoja yako inasimamia wapi hapo?

---

Gia_Ndogo

Inasimama palepale. Sikusema "anahitaji", nimesema timu "inaitaka". Ukubwa wa uongozi peke yake haukupi jibu.

Na uone Couillole yenyewe. Waliokuwa wakivuta kundi ni Soudal Quick-Step, kwa ajili ya Evenepoel aliyekuwa wa tatu kwenye msimamo. Richard Carapaz na Enric Mas walikuwa mbele, wakakamatwa kwa jasho la watu wengine, kisha Pogačar akamshinda Vingegaard mstarini. Kwa hiyo usiishie kwa timu ya jezi ya njano. Timu ya wa pili, ya wa tatu, hata ya wa nne anayetaka jukwaa, yoyote kati ya hizo inaweza kuua mchomoko.

Wiki hiyohiyo ya 2024, Superdévoluy, hakuna aliyejitolea kufukuza na Carapaz akashinda. Na kufukuza siyo kukamata: Grand Colombier 2023, UAE, timu ya Pogačar, walivuta siku nzima na Michał Kwiatkowski akashinda kutoka kwenye mchomoko.

---

Kona21

Nimeweka kiti. Niongeze upande wa njia, maana watu wengi wanaangalia picha ya milima wanahesabu vilele basi.

Anza na kilomita 40 za mwanzo. Ndizo zinazoamua aina ya watu watakaochomoka. Hatua ikianza tambarare, wanaoondoka ni majitu yenye nguvu za bapa, wazito, na wapandaji wepesi wanabaki kundini kwa sababu hawana wati (nguvu za miguu) za kuchomoka kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Mchomoko wa aina hiyo ukifika mlima wa mwisho unayeyuka. Hatua ikianza kwa kupanda, wanaoondoka ni wapandaji halisi, na hapo mchomoko una meno. Kitu kimoja hiki kinabadilisha uwezekano wa mchomoko kushinda kuliko urefu wa mlima wa mwisho.

Halafu tazama kilichopo kati ya mlima wa kabla ya mwisho na ule wa mwisho. Bonde la kilomita 20 au 30 linawapa nguvu wenye wasaidizi: wanne wakipokezana mbele wanaweza kurudisha kama dakika moja kwa kila kilomita 10 dhidi ya watu wachache waliochoka. Bonde hilohilo linawatisha wagombea jezi wasishambulie mapema, kwa sababu ukiwa peke yako bondeni unachomwa na upepo. Kama mteremko unaisha na mlima wa mwisho unaanza papo hapo, mambo ni tofauti kabisa.

Mwinuko nao usomwe kwa kilomita, siyo kwa wastani. Mlima wa 7% usiobadilika unapandwa kwa kasi ambayo kukaa nyuma ya mwenzako bado kunakupunguzia kazi, hivyo kundi la wagombea linabaki zima hadi karibu na kilele. Ukivuka 10% kasi inashuka, kinga ya upepo inakwisha, kila mtu na mapafu yake. Angliru ni kilomita 12 na ushee zenye wastani wa karibu 10%, lakini sehemu ya Cueña les Cabres inagonga 23%. Pale mwenye msaidizi na asiye naye wanalingana.

Urefu kutoka usawa wa bahari usipuuzwe. Juu ya mita 2,000 hewa inabana na watu hawapungui nguvu kwa kiwango kimoja. Granon 2022 ni mita 2,413, na kabla yake walivuka Galibier, mita 2,642. Jumbo-Visma, timu ya Vingegaard, walimshambulia Pogačar kwa zamu tangu Galibier, na Granon akapoteza dakika 2 na sekunde 51 kwa Vingegaard. Mwaka uliofuata Col de la Loze, mita 2,304, akapoteza dakika 5 na sekunde 45. Kwenye milima mifupi alikuwa anamweza mpinzani huyohuyo.

---

Mgeni_wa_Njia

Samahani wakuu, mimi natokea upande wa soka. Nimeelewa kwamba mchomoko unaweza kushinda. Lakini mle kuna watu 20 au 30. Nitamjuaje wangu?

---

Gia_Ndogo

Karibu. Unachuja, huchagui.

Watupe nje wote walio karibu kwenye msimamo wa jumla. Mtu aliye nyuma kwa dakika tano haachiwi, na akiingia kwenye mchomoko anawaponza wenzake wote, kundi litafukuza kwa sababu yake. Unamtaka aliye nyuma kwa dakika 15 na kuendelea, lakini asiwe nyuma kwa sababu hajui kupanda. Awe nyuma kwa sababu alianguka, aliugua, au alikuwa na siku moja mbaya. Vuelta 2023 ni darasa zuri: Evenepoel alipoteza dakika 27 siku ya Tourmalet, na kesho yake akachomoka na kushinda Larra-Belagua. Mgombea jezi aliyepasuka jana ni mchomokaji mwenye daraja kubwa leo, mradi asiwe mgonjwa.

Kisha uliza ametumwa kufanya nini mbele. Hapa ndipo wageni wanaliwa. Timu yenye mgombea jezi hupeleka mtu mbele ili amsubiri bosi wake baadaye. Wout van Aert alikuwa mbele siku ya Hautacam 2022, akavuta mpaka Pogačar akaachwa, na Vingegaard akashinda. Giro 2025, siku ya Colle delle Finestre, Van Aert huyohuyo alikuwa kwenye mchomoko, akamngoja bosi wake Simon Yates ng'ambo ya kilele na kumburuta kuelekea Sestriere. Yates akatwaa Giro huku wapinzani wake Isaac del Toro na Carapaz wakitegeana. Hatua ilikwenda kwa Chris Harper. Ukibeti mtu wa namna hiyo kwa jina lake, unabeti dhidi ya maelekezo ya timu yake.

Na mteremko. Pidcock alishinda Alpe d'Huez 2022, lakini kazi ya kuwafikia waliotangulia aliifanya akishuka Galibier. Mtu anayeshuka kwa breki nyingi anafika chini ya mlima wa mwisho akiwa ameshatumia nguvu za kuziba pengo mara tatu.

---

Hesabu_Tupu

Hayo yote ni mazuri, ila yasipogeuzwa kuwa namba ni stori za kijiweni. Nawawekea jinsi inavyokwenda.

Odds 2.10 maana yake kampuni inasema 1 gawanya kwa 2.10, yaani 47.6%. Sasa jenga yako kwa vipande. Tuseme umeona mchomoko una 55% kushinda. Imebaki 45% kwa wagombea jezi. Nyota ukimpa 60% ndani ya hiyo, ana 0.45 × 0.60 = 27%. Odds halali ni 3.70. Anayeuzwa kwa 2.10 si wa kununua, hata kama ndiye mkali wa dunia.

Upande wa mchomokaji: uwezekano wa kuingia kwenye mchomoko 30%, mchomoko kushinda 55%, yeye kuwashinda wenzake 18%. Zidisha: 0.30 × 0.55 × 0.18 = 2.97%. Odds halali karibu 33.7. Ukimkuta kwa 51 unaona umeokota.

Usikimbie na hela. Badilisha ile 30% iwe 20% tu, jibu linakuwa 1.98%, odds halali 50.5, faida yote imeyeyuka. Namba ndogo zikizidishwa, kosa dogo la kipande kimoja linameza kila kitu. Na kampuni inaweka sehemu kubwa ya ulaji wake (faida yake) kwenye majina ya odds kubwa. Jumlisha 1 gawanya kwa odds kwa orodha nzima ya hatua uone. Majina manne ya juu yakiwa 2.00, 4.00, 8.00 na 11.00 tayari ni 96.6%, na bado kuna watu zaidi ya 150 nyuma yao. Jumla ikifika 140%, zile 40 za juu ndizo ulaji.

Ndiyo maana mchomokaji nambeti laivu, baada ya kundi la mbele kuumbika. Hapo kipande cha 30% kimeshakuwa 100%. Mchomoko nautathmini upya kwa kuangalia walioko ndani, tuseme 60%, yeye 18%: unapata 10.8%, odds halali 9.26. Kwa 12 nachukua, kwa 8 naacha.

Dau: (odds toa 1) mara uwezekano wa kushinda, toa uwezekano wa kushindwa, gawanya kwa (odds toa 1). Kwa 12 na 10.8% ni (11 × 0.108 − 0.892) ÷ 11 = 2.7% ya mtaji. Mimi nashauri robo ya hiyo, chini ya uniti moja kwenye mtaji wa uniti 100. Makadirio ya mlima hayana uhakika wa kubeba zaidi ya hapo.

---

Mkeka_Mzima

Hesabu_Tupu, hiyo 55% ya mchomoko umeitoa wapi? Maana kila kitu kinaning'inia hapo.

---

Kona21

Niruhusu nijibu mimi, kwa sababu wakati hatua inaendelea kuna hesabu ya kuisaidia hiyo namba.

Chukua mlima wa mwisho wa kilomita 12 kwa 8%. Ni mita 960 za kwenda juu. Wagombea jezi wakiwa wamekazana kweli wanapanda kama mita 1,750 kwa saa, wanatumia dakika 32 na sekunde 55. Ukitaka wati kwa kilo (nguvu ya mpandaji kwa kila kilo ya uzito wake), gawanya hiyo 1,750 kwa (2 + asilimia ya mwinuko ÷ 10) mara 100. Hapa ni 280, unapata 6.25. Mchomokaji mzuri aliyekwisha kupanda milima miwili mbele ya wote mpe 5.6. Hiyo ni mita 1,568 kwa saa, anatumia dakika 36 na sekunde 44. Tofauti ni dakika 3 na sekunde 49, kama sekunde 19 kwa kila kilomita. Kwa hiyo chini ya mlima anahitaji karibu dakika nne.

Sasa fanya wagombea wawe wanategeana, mita 1,620 kwa saa. Muda wao unakuwa dakika 35 na sekunde 33. Tofauti imeshuka hadi dakika 1 na sekunde 11! Mlima ni uleule, miguu ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kusema pengo la dakika mbili linatosha au halitoshi, tazama sura ya kundi la nyuma: kuna msaidizi anavuta mdomo wazi, au wanatazamana?

Kipimo cha juu kabisa, Plateau de Beille 2024: kilomita 15.8 kwa 7.9%, Pogačar alipanda chini ya dakika 40 na kuifuta rekodi ya Pantani ya 1998. Hiyo ni zaidi ya mita 1,870 kwa saa, kama wati 6.7 kwa kilo. Siku ya namna hiyo hakuna mchomoko unaookoka bila pengo la kutisha.

Tahadhari: fomula hiyo inadhani hakuna upepo. Upepo wa mgongoni unamfanya mtu wa kawaida aonekane bingwa, na kosa lake linaweza kuzidi tofauti yote kati ya wapandaji wawili unaowalinganisha.

---

Kaskazi_na_Kusi

Umegusa upepo, nimalizie.

Utabiri wa mji wa mwisho haukusaidii. Tafuta wa kileleni na wa bondeni kando kando, saa ya kupita, halafu linganisha na mwelekeo wa barabara kwenye ramani. Alpe d'Huez ina kona kali 21, upepo unakupiga usoni kisha mgongoni, kwa jumla unajifuta. Ventoux ukitoka msituni pale Chalet Reynard, kilomita kama sita za juu ni mlima mtupu. Upepo wa usoni pale unawatuliza washambuliaji, kwa sababu anayetangulia anamkatia mwenzake upepo bure. Kwa mkeka hilo linamaanisha mapengo madogo, kumaliza kwa mbio za mstarini, na nafuu kwa mwenye mkwaju wa mwisho.

Mvua inaathiri mteremko kuliko mpando. Hatua inayoisha kwa kushuka kwenye barabara yenye maji, punguza uwezekano wa kila kipenzi na usambaze kwa wengine.

Joto nalo: wazito wanaumia zaidi kwa sababu kasi ni ndogo na hakuna hewa ya kuwapoza. Kama kuna 35°C bondeni, angalia nani huwa anapasuka siku za namna hiyo kwenye matokeo ya miaka ya nyuma.

---

Mgeni_wa_Njia

Na hatua ikikatishwa au kufupishwa? Dau linarudi?

---

Mkeka_Mzima

Hapa nina la kusema, maana ndipo watu wanapogombana na kampuni.

Kanuni ya kampuni nyingi: waandaaji wakimtangaza mshindi rasmi, mkeka unasimama, hata njia ikiwa imekatwa nusu. Wasipomtangaza mshindi, dau linarudishwa. Msisubiri siku yenyewe, someni ukurasa wa masharti kipengele cha baiskeli.

Mifano ya kila upande. Ventoux 2016, upepo ulifanya mstari ushushwe hadi Chalet Reynard, Thomas De Gendt akashinda, mshindi halali. Giro 2024, theluji iliondoa kipande kikubwa cha hatua ya 16, Pogačar akashinda. La Plagne 2025 njia ilifupishwa hadi kilomita 95 kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe njiani, Arensman akashinda. Hizo zote zina mshindi. Lakini Tour 2019, hatua ya kwenda Tignes, mvua ya mawe na maporomoko yaliwasimamisha, muda ukachukuliwa kileleni Iseran, Bernal akavaa njano, na hatua haikuwa na mshindi. Vuelta 2025 pale Bilbao, muda ulichukuliwa kilomita tatu kabla kwa sababu ya maandamano, pia bila mshindi.

Jambo la pili ambalo halisemwi: hatua ikifupishwa asubuhi, odds za jana ni za mbio nyingine. Ukikata mlima wa kwanza unawaondolea wachomokaji mahali pa kuondokea, na wasaidizi wa wagombea wanafika mwisho wakiwa wazima. Taarifa ikitoka, kuna muda mfupi kabla kampuni hazijarekebisha. Wenye jicho wanaufanyia kazi.

---

Gia_Ndogo

Kweli kabisa. Niguse soko la tatu bora, halijatajwa.

Watu wanadhani kumbeti nyota kuingia tatu bora ni kinga dhidi ya mchomoko. Inategemea mchomoko unakufaje. Superbagnères 2025: Arensman kwanza, Pogačar wa pili, Vingegaard wa tatu. Loze: O'Connor, kisha haohao wawili. La Plagne: Arensman, Vingegaard, Pogačar. Kinga ilifanya kazi. Ventoux: Paret-Peintre, Healy, Buitrago, Van Wilder, ndipo Pogačar. Kinga ikafa. Mpandaji mmoja tu akiwa mkali kweli mbele, tatu bora ya nyota ni salama. Wakiwa wanne wenye daraja moja na pengo kubwa, achana nayo.

---

Hesabu_Tupu

Ongeza michuano ya wawili, yaani nani kati ya wawili atamaliza mbele ya mwenzake. Hilo ndilo soko ninalolipenda milimani, kwa sababu ulaji wa kampuni unaonekana. 1.83 kwa 1.83 ni 54.6% mara mbili, yaani 109.3%. Ukilinganisha na 140% ya mshindi wa hatua, ni nafuu kubwa.

Kosa la kampuni linajirudia kwenye wasaidizi. Msaidizi wa milimani mwenye jina kubwa anapangwa dhidi ya mtu wa nafasi ya tisa kwenye msimamo. Kwa miguu, msaidizi ni bora. Lakini akimaliza zamu yake kilomita tano kabla ya kilele anakaa wima, anakunywa maji, anafika dakika nane nyuma akiwa anapiga soga. Yule wa nafasi ya tisa anapigania kila sekunde mpaka mstarini. Kabla ya kuchukua mchuano, jiulize kila mmoja ana sababu gani ya kukanyaga kilomita ya mwisho. Msaidizi ambaye bosi wake ameachwa au amejitoa ni habari nyingine, huyo ameachiwa huru.

---

Mgeni_wa_Njia

Na mmoja wa wachuano asipoanza, au akijitoa katikati?

---

Hesabu_Tupu

Asipoanza, kwa kawaida dau linarudi. Akijitoa njiani, kampuni nyingi zinampa ushindi aliyemaliza, na wakijitoa wote wawili dau linarudi. Zipo zinazotaka wote wamalize, kwa hiyo soma masharti. Hii ndiyo sababu asubuhi unaangalia orodha ya walioanza kabla ya kuthibitisha mkeka, hasa siku baada ya ajali kubwa. Mtu aliyeshonwa goti jana jioni anaweza kuwa bado kwenye orodha ya kampuni.

---

Kona21

Na kwa wa laivu: picha ya runinga inachelewa, na pengo linaloandikwa pembeni linachelewa zaidi. Shambulizi ukiliona, odds zimeshafungwa. Beti pale ambapo hakuna kinachotokea: bondeni, kilomita chache kabla ya mlima wa mwisho, ukiwa umeshahesabu wasaidizi waliobaki mbele ya kundi na pengo lililopo. Ikiwa timu inayovuta imebaki na mmoja na mbele kuna dakika nne, unayo namba yako. Mlima ukishaanza, funga simu.

---

Mkeka_Mzima

Kona21, kwa hatua inayoisha kwa mteremko unabadilisha nini? Mfano ile ya Morzine 2023.

---

Kona21

Nampunguza mpandaji bora na kumwongeza mshukaji aliye wa tatu au wa nne kileleni. Morzine, Pogačar na Vingegaard walitegeana juu ya Joux Plane, Carlos Rodríguez akawapita akishuka na kushinda. Wawili wanaochungana hawahatarishi mifupa yao kwa ajili ya hatua, wa tatu anahatarisha. Ila pima kwanza umbali kutoka kileleni hadi mstarini. Kilomita 12 za kushuka zinatosha kwa mchezo huo. Zikiwa 30 na tambarare mwishoni, kundi linajikusanya upya na unahitaji mwenye mbio za mstarini.